Mkaguzi Aliyengojwa Kama Mgeni

Jumatatu, 7 Aprili
Hili sijamwambia mtu: nafurahi kwamba upepo uling'oa mabati yetu. Naona aibu kuliandika. Lakini tangu siku ile sie watatu tunalala sebuleni, mimi, mama na bibi, na bibi anasimulia Newala ya utoto wake mpaka usingizi unatupitia. Zamani kila mtu na mlango wake. Mama alikuwa anarudi kazini, anakula, anajifungia.
Leo nimekamua zulia tena. Turubai tuliloziba paani linavuja pale pale.

Alhamisi, 10 Aprili
Mkaguzi wa bima hakuja. Aliahidi Jumanne, kisha jana, kisha leo. Mama alijenga kwa mkopo wa benki na bima imo humo humo, ila wamesema tusitengeneze chochote mpaka mkaguzi aone kwa macho yake. Fundi alishapanda ngazi, akaombwa ashuke.
Bibi akasema, "Huyo kijana anangojwa kama bwana harusi. Isije ikawa kaoa kwingine." Mama hakucheka. Mimi nilichekea ndani ya khanga.

Jumamosi, 12 Aprili
Mvua. Bibi ameanza kukohoa. Sakafu ya sebule ina baridi na godoro lake limeanza kuoza. Leo hakusimulia kitu.
Ile furaha yangu naiona mbaya.

Jumanne, 15 Aprili
Wamepiga simu. Mkaguzi anakuja kesho. Mama ameomba ruhusa kazini. Tumefagia, tumepiga deki mara mbili. Vipande vya dari vilivyoanguka tumevificha nyuma ya banda la kuku. Godoro la bibi tumelipeleka kwa jirani, Mama Zuhura, na tumerudi na pazia lake la maua la kufunikia ukuta ulioota ukungu.
Nikamuuliza mama kama si bora mkaguzi akute hali ilivyo. "Mgeni aje akute jalala? Atasema sie watu wa namna gani?"
Nikanyamaza. Kunyamaza nakuweza.

Jumatano, 16 Aprili
Amekuja. Viatu vinang'aa. Mama kampa chapati na juisi ya ukwaju. Akasema, "Poleni, mama. Hali ikoje?" Mama akajibu kama tunavyojibu wote: "Salama tu, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."
Akaandika. Akachungulia vyumba, akalisifia pazia. Akasema afadhali nyie, kuna walioharibikiwa kweli, hapa ni mabati machache tu. Akafunga kalamu yake.
Bibi akakohoa.
Nikikaa kimya tutaendelea kulala pamoja. Na kifua cha bibi kitaendelea. Nikasema, "Shikamoo," ingawa tulishaamkiana. Maneno mengine hayakutoka. Nikalivuta pazia. Ukuta mweusi mpaka chini. Nikampeleka kwenye banda la kuku, nikamwonyesha dari, kisha kwa Mama Zuhura. Akaliminya godoro, maji yakamchuruzikia mkononi. Akapiga picha, akaandika upya.
Mama hajanisemesha jioni yote. Nimemwaibisha mbele ya mgeni. Najua. Ningerudia.

Ijumaa, 25 Aprili
Bima kimya. Mama kaanza kunisemesha, mambo ya chumvi na mkaa tu. Bibi kapewa dawa.

Jumamosi, 17 Mei
Bima walikubali, wakachelewa, hatimaye mafundi wamemaliza leo. Mvua imenyesha mchana, na ndani hakuna hata tone. Bibi hakohoi tena. Amepata godoro jipya, analilalamikia kuwa gumu.
Tumekunja mikeka. Kila mtu amerudi chumbani kwake. Sebule imekuwa kubwa sana.
Sasa hivi mama ameniletea glasi ya juisi ya ukwaju, ameiweka kwenye stuli. "Ile siku ulifanya vizuri," amesema, akaenda.
Nasikilizia mlango wake ufungwe. Bado haujafungwa.
Daftari, lile la mwanzo usimwambie mtu.