Kosa la Ukurasa na Chai ya Ndugu Ussi

Alkhamisi, msimu wa vuli, 1971
Kiponda, Unguja Mjini

Mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika, jua likachoma mpaka kuta zikatoa mvuke. Sasa maghribi imepita, hewa ni nzito, na mimi nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe. Mwandiko wa leo ni mbaya. Utanivumilia.

Nieleze kwa utaratibu, nisije nikaivunja kalamu.

Nimekuja likizo kumwona mama, baada ya miaka ya masomo na kazi ya kompyuta huko Ulaya. Kuja hakukuwa na tabu yoyote. Tabu ni kutoka. Siku hizi hakuna anayetoka kisiwani bila ruhusa, na ruhusa yangu iko mkononi mwa afisa mmoja wa serikali anayeitwa Ndugu Ussi. Nisiporudi kabla mwezi huu haujaisha, nafasi yangu pale chuoni ninapofanya kazi anapewa mwingine. Walishaniambia hivyo wazi, na mimi sina kazi nyingine ninayoijua duniani.

Leo asubuhi Ndugu Ussi akaniita ofisini. Si mkali wa sura. Ana ndevu zilizochanwa vizuri na sauti ya upole, na upole ule ndio ulionifanya nijiachie. Akaniuliza ninafanya kazi gani huko. Nikaanza kueleza kwa maneno ya kazi, yaani ya Kiingereza, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa. Akainua mkono.

"Hapa Unguja, bwana. Nnataka Kiswahili kitupu. Au mtoto wa Kiponda keshasahau lugha ya mama yake?"

Makarani wakacheka. Mimi damu ikanipanda, nikajiapiza moyoni kwamba sitatamka neno hata moja la kigeni. Kiburi cha mtu wa Mjini! Nikaingia mtegoni kwa miguu yangu mwenyewe.

Nikamwambia hivi. Tuna mashine moja kubwa, na ndani yake wanakaa wageni wengi. Wageni hao si watu, ni mashine za kufikirika tu, na kila mmoja anaamini kwamba mashine nzima ni yake peke yake. Anayewasimamia tunamwita mwenyeji. Kumbukumbu ya mashine haiwatoshi wote, kwa hiyo tumeikata kurasa kurasa. Zile zinazotumika zinakaa karibu, zilizobaki zinawekwa ghalani, kwenye sahani za sumaku. Mgeni akitaka ukurasa ambao haupo karibu, kazi yake inasimama mpaka mwenyeji aulete. Tukio hilo kwa Kiingereza lina jina lake, "page fault", na nusu ya pili ya jina hilo, fungua kamusi yoyote, utaambiwa ni "kosa".

Nikasema, "Mimi nnashughulikia makosa ya kurasa."

"Makosa?"

"Naam."

"Yanatokea mangapi kwa siku?"

"Hayahesabiki."

"Na wewe unayafanya nini?"

"Nnayamaliza kimya kimya. Mgeni asijue."

Bado namwona alivyoiweka kalamu yake mezani, taratibu. Hapo ndipo nilipokisikia nilichokisema. Kwetu mgeni ni mtu wa nje. Kumbukumbu ni mafaili ya ofisi. Na mtu anayeishi Ulaya, ambaye makosa yake kwenye kumbukumbu hayahesabiki, na tena anayaficha, huyo siku hizi ana jina jingine kabisa, jasusi. Nikajaribu kurekebisha, nikaharibu zaidi. Nilisema ustadi wa kazi yenyewe ni kumdanganya mgeni vizuri.

"Kumdanganya," akarudia, akamtazama karani wake.

Kisha akaniambia niende nyumbani. Baada ya alasiri angekuja mwenyewe kuzungumza na mzazi wangu, na habari ya ruhusa, "tutaiona".

Tutaiona. Nani hapa kwetu asiyejua maana ya neno hilo?

Nilirudi kwa njia ya Darajani nikiwa simwoni mtu, watu wananisalimia nami nawapita kama mlevi. Kilichokuwa kinanitafuna ni kwamba hakuna kosa! Hakuna aliyekosea. Mashine ni nzima, mgeni hana hatia, mwenyeji hana hatia. Imepangwa iwe hivyo tangu mwanzo.

Kazi yangu mimi ni ndogo na ngumu. Ukurasa usipopatikana, lazima nijue ni nani aliyeuondoa. Kama ni mgeni mwenyewe aliyeuweka ghalani kwake, maana kila mgeni naye ana ghala lake la kufikirika, basi aambiwe, autafute kwa utaratibu wake. Kama ni sisi wenyeji tuliouondoa kwa sababu ya kubanana, asiambiwe kitu. Asimamishwe palepale, tutafute nafasi, ukurasa uletwe, kisha arudie amri ileile aliyoishia, kama mtu aliyepepesa jicho. Nikichanganya mambo hayo mawili, mgeni anapewa habari ya jambo ambalo si lake, anachanganyikiwa na kazi yake yote inaanguka. Ujana wangu wote umekwenda kwenye tofauti hiyo, na leo nimeshindwa kuieleza kwa lugha niliyozaliwa nayo.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama, Bi Mwanaidi, anachagua mchele. Nilimweleza yote huku nikipiga kelele hadi nikakohoa. Yeye alilosikia ni moja tu.

"Mgeni anakuja na wewe wasimama hapo wabwata? Katandike mkeka."

Ndugu Ussi akaja kweli, akapiga hodi kwa adabu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Mama akamkalisha, akamuuliza anakaa wapi, akaambiwa Kikwajuni, akauliza habari za watoto, wakazungumza kuhusu mvua, kisha mama akaomba radhi akaingia jikoni. Nikamfuata. Maji yalikuwa yameshachemka. Akafungua kopo la sukari.

Tupu. Sukari siku hizi ni ya foleni, na foleni ya juzi iliisha kabla hajafika mbele.

Mama alijitanda kanga yake, akapanda ghorofani, akapita kwenye wikio, kile kipito cha juu kinachounganisha nyumba yetu na ya jirani, akaingia kwa Bi Rukia. Maji hayajapoa, akarudi na kikombe cha sukari chini ya kanga. Ukumbini Ndugu Ussi alikuwa anajipepea, hana habari na lolote.

Mimi nilikuwa nimesimama pale jikoni kama nimepigwa kofi. Sukari imekosekana. Mama amekosa sukari. Nani atasema mama amefanya kosa? Neno nilikuwa nalo tangu nikiwa mtoto! Kukosekana kwa ukurasa, siyo kosa la ukurasa. Silabi chache tu, na ningekuwa nimeshaipata ruhusa tangu asubuhi.

"Mama," nilinong'ona, "hii ndiyo kazi yangu. Hivi ulivyofanya. Mgeni kataka kitu hakipo, wewe umekileta, na yeye hajui."

"Basi kamwambie."

"Siwezi. Nikimwambia ntakuvua nguo mbele yake."

Mama alikoroga chai, akapanga vikombe kwenye sinia, akatoka.

Ndugu Ussi akanywa, akasifu, akanywa tena. Kisha akafuta ndevu zake na kuanza.

"Bi Mwanaidi, mwanao huyu kanieleza mambo yamenishinda. Asema kazi yake huko ni makosa, na kuyaficha makosa wageni wasijue. Wewe mzazi wake wasemaje?"

Jibu lilikuwa mkononi mwake, ndani ya kikombe, linatoa mvuke, na mimi sikuwa na haki ya kuligusa.

"Chai tamu?" mama akamuuliza.

"Tamu, ahsante."

"Sukari hiyo si yangu. Ndani mwangu hamna hata chembe. Wewe umekaa hapo, mimi nimepita juu nimekwenda kuiomba kwa jirani, na wewe hukuwa na habari. Nimefanya kosa?"

Nataka ieleweke alichokifanya hapo. Baba alipofariki tulikula muhogo mtupu, na mgeni yeyote aliyeingia nyumba hii alikula wali. Siri ya jikoni mama hajampa hata dada yake. Leo ameitoa ukumbini, mbele ya mtu asiyemjua, kwa sauti yake ileile ya kawaida, macho yakiwa kwenye mkeka.

Ndugu Ussi alitazama kikombe chake.

"Hapana. Hukufanya kosa."

"Basi kazi ya mwanangu ndiyo hiyo. Kitu kikikosekana anakileta, mgeni akaendelea na yake. Neno kosa kalikosea yeye, kakaa sana na Wazungu. Mpe ruhusa yake."

Na yule bwana akacheka!

Akacheka kwa furaha, akajipiga paja. "Ungenambia hivyo tangu asubuhi, bwana wee!" Akaniambia nije Jumamosi nichukue ruhusa yangu. Nilipaswa kumshukuru Mungu. Badala yake nilikuwa natazama kikombe kile na kutamani kimteleze.

Maana hakuishia hapo. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni, kwa sauti yake ya upole, akasema, "Bi Mwanaidi, usihangaike na foleni. Kesho namtuma mtu akuletee kilo ya sukari."

Mama akasema, "Ahsante, baba." Akafunga mlango. Akasimama nyuma ya mlango uliofungwa, kwa muda mrefu kuliko mlango unavyohitaji.

Ndugu Ussi alikuwa hana nia mbaya, najua. Hilo ndilo linalonichoma. Ningekuwa na mtu mbaya wa kumchukia ningelala vizuri. Mtu mwenye ukarimu wa dhati amemfanya mama yangu ombaomba ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mimi ndiye niliyemleta mpaka mkekani. Na kwa nini mtu mzima aombe ruhusa ya kwenda kazini, mpaka mama yake alipe kwa aibu? Swali hilo sina wa kumuuliza, na hata hapa naliandika kwa herufi ndogo.

Nilimfuata jikoni nikamgombeza. Ndiyo, nilimgombeza mama. Nilimwambia hakuwa na haja, ningejieleza mwenyewe. Akaendelea kuosha vikombe.

"Ungejieleza lini?" akasema. "Keshavaa viatu?"

Kisha, bila kunitazama, "Ikija hiyo sukari, yote mpelekee Bi Rukia. Mimi siitaki mdomoni mwangu. Lakini wewe utaipokea vizuri, kwa mikono miwili, na utasema ahsante. Wanisikia?"

"Naam, mama."

Kwa hiyo kesho Ijumaa hodi itapigwa, na nitaipokea kwa mikono miwili, na nitatabasamu, kwa sababu Jumamosi inafuata. Jumamosi nitamshukuru Ndugu Ussi kwa Kiswahili kitupu. Nitabeba nguo zangu na vitabu vyangu, kila kimoja kikikaguliwa bandarini. Hasira hii nitatoka nayo bila kumwomba mtu ruhusa.