Kadi za Majina ya Mahafali

Jumatatu, 3 Novemba

Nimepewa maikrofoni! Mwaka huu ni mimi nitakayesoma majina ya wahitimu. Mwaka jana Msajili aliyasoma yote kwa Kiingereza chake, nusu ya wahitimu wakabaki wamekaa — hawakujua wameitwa. Mimi nimegawa kadi. Kila mmoja aandike jina lake la ukoo linavyotamkwa. Mwenye jina ndiye mwenye kauli, basi.

Jumatano, 5 Novemba

Ulimi unauma. Kuna jina la Kipolandi, konsonanti sita zimeshikana mikono. Nimelifanyia mazoezi jikoni mpaka paka akatoka nje. Na yule binti mwenye jina la Kifaransa! Nikalitamka kwa madaha, puani kabisa. Akacheka: kwao wanalisoma Kiingereza, herufi zote, tangu enzi za bibi yake. Haya. Nimefuata kadi.

Baba kapiga simu. Mdogo wangu naye anahitimu, na Baba anataka kusikia jina la babu, ndilo la ukoo wetu, likisomwa zima, silabi zote tano, kuanzia ile ng' ya ng'ombe. Nikamwambia ondoa shaka.

Ijumaa, 7 Novemba

Kadi ya mdogo wangu — wa tumbo moja! — ina silabi mbili tu. Ng' kainyoa, mkia kaukata. Nimempigia, nimemfokea. Akasema aliomba kazi mara ishirini kwa jina zima, kimya. Mara tatu kwa jina fupi, kaitwa mara mbili. Na mmoja wa mabosi waliomwita atakuwepo ukumbini kesho. Nina hasira naye, na namwonea huruma.

Jumamosi, 8 Novemba

Mapumziko ya chai, nyuma ya pazia. Mpolandi kapita salama, mama yake kalia! Sisi tunafuata. Baba yuko safu ya pili, anawafundisha majirani jina letu. Safu nzima inahangaika na ng'. Mama mmoja kalipata, Baba kampigia makofi peke yake.

Mdogo wangu kaja na joho lake, kachungulia. Kamwona Baba. Nikamwambia sheria ni ileile, nitasoma kadi ilivyo.

Kachomoa kadi yake kwenye rundo langu: "Dada, una kalamu?"

Nimempa ya Msajili. Kakaa kwenye ngazi, kadi iko gotini, haandiki. Huko mbele wanaanza kukaa. Msajili ananiita mara ya pili —