Kamyo Iliyokataa Kuzimika

Uvira, Mulongwe, tarehe 11 mwezi wa tano

Kwa dada yangu mpenzi Alliance,

Nakusalimu sana, weye, mama, na huyo mtoto mchanga ambaye bado hatujafahamiana. Natumaini anakuacha ulale hata kidogo, na kwamba mama hajaanza kumchagulia kanisa. Huku mimi ni mzima. Bwana wako Toussaint anapata nafuu. Jana alikunywa uji wote, akalalamika kwamba hauna sukari, ndipo nikajua hafi.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Chérie, jirani yenu, aliyeshuka kwenye boti Alhamisi. Unanishukuru kwamba niliingia katikati ya watu wa Bwegera nikamtoa Toussaint mikononi mwao. Unasema huko Kalemie jina langu limetajwa kanisani na watu wakasimama. Dada, nimekaa na barua hiyo siku tatu. Nakuomba uisome hii mpaka mwisho kabla ya kumsomea mama.

Unaijua ile kamyo ya bosi wetu, patron Bonaventure, lori linalonizidi umri. Kwenye mpando baiskeli zilikuwa zinaipita, na wenye baiskeli walikuwa wanatusalimia. Patron alitaka iongezwe nguvu. Mafundi wakubwa walikataa, mimi nikakubali. Weye unajua shule yangu: kuchungulia juu ya mabega ya wenzangu, na kufungua kitu cha mtu akiwa hayupo.

Nilitoa pompe ya zamani, ile inayosukuma mafuta ya mazutu ndani ya mashine, nikaweka nyingine kubwa, ya kamyo mpya iliyopinduka. Kwenye pompe kuna visi moja, skrubu ya kupimia mafuta, iliyofungwa kwa kamuhuri ka madini ya risasi. Kiwandani waliifunga ili mtu kama mimi asiiguse. Nilikata muhuri nikaizungusha, mafuta yaingie mengi zaidi. Kisha nikaja kwenye hewa. Vumbi la bonde la Ruzizi lilikuwa linaziba filtre, chujio la hewa, kila juma, basi nikachomelea bomba refu nyuma ya kabini, likapanda mpaka juu ya paa, ili mashine ivute hewa safi. Watu walikuja kulitazama. Mmoja akasema kamyo sasa inapumua kama tajiri. Nilivimba siku nzima.

Jambo moja tu halikukaa sawa. Kamyo ile haizimwi kwa ufunguo. Shofere anavuta waya unaofunga pompe. Waya wa zamani haukuifikia pompe mpya. Nikamwambia Toussaint, shofere wake, kwa safari hii atakuwa anaiua kwa gia, yaani anakanyaga breki gia ikiwa ndani mpaka izime, waya nitatafuta tukirudi.

Nilipanda naye ili nisikilize kazi yangu. Tulipofika Luberizi mashine ilinguruma yenyewe mara mbili, mguu wake ukiwa hewani. Akaniambia shemeji, turudi. Nikamjibu kwamba mashine inajifunza kupumua. Alicheka, akaendelea, kwa sababu ananiamini.

Bwegera ilikuwa siku ya soko. Aliingia polepole, gia ya kwanza, akipiga honi na kuwatania akina mama wasogeze mabeseni. Hapo mashine ikashika mbio zake yenyewe, bila mguu wake. Kamyo iliruka kama ng'ombe dume. Ilimpiga mama Akimana, muuza mchele, pamoja na meza yake, na gurudumu likapita juu ya kifua chake. Nililisikia likipita. Mwanaume mmoja alivunjika miguu yote miwili. Toussaint alikanyaga breki, akatoa gia, kamyo ikasimama. Lakini mashine haikusimama. Ililia mpaka mabati ya maduka yakatetemeka, moshi mweusi ukafunika watu. Kuiua kwa gia hakukuwezekana tena, ingewarukia wengine. Ilibaki njia moja: kuiziba hewa. Na mdomo wa hewa nilikuwa nimeuweka juu ya paa.

Toussaint alivua shati, akapitia dirishani, akapanda. Mimi nilishukia mlango wa pili na sikupanda.

Watu hawakusikia alichokuwa anapiga kelele. Waliona shofere aliyeua mama wa watu, kifua wazi, anakimbilia juu. Mmoja akaita, anatoroka huyo! Mwingine akajibu, mteremsheni, huko juu hakuna njia ya mbinguni! Wakamshika miguu. Mkono wa kuume ulikamata bomba, wa kushoto ulikuwa unashindilia shati mdomoni mwa bomba. Jiwe lilimvunja meno. Mpini wa jembe ulimpiga mgongoni, ukavunjika mpini. Hakujikinga hata mara moja, alikuwa anashindilia tu. Mwisho akaanguka, na wakati huohuo mashine ikakohoa, ikafa. Ndipo wote tukamsikia, chini pale, damu ikimtoka kinywani, bado anasema: hewa, zibeni hewa.

Wachache waliendelea kumpiga teke. Polisi wakaja wakirusha risasi juu, watu wakatawanyika. Mimi nilibaki nimekaa chini, kichwani pake. Polisi wakaandika kwamba nilimkinga kwa mwili wangu. Toussaint alifungua jicho moja, akaniona, akasema, shemeji. Wokovu mliousimamia kanisani ni huo tu.

Lakini dada, kuna kitu nimeruka hapo katikati.

Alipokuwa bado juu, kijana mmoja mnene aliniangalia mikono yenye mafuta, akaniuliza: weye, si umetoka mule ndani? Nikamjibu: mimi? Minye nauza muhogo. Akanipa mguu wa meza ya mama Akimana, akasimama anitazame. Nilipanda kwenye ngazi ya kabini. Nikampiga Toussaint kwenye vidole vilivyoshika bomba, mara tatu. Ya tatu ndiyo aliyoachia.

Daktari ataondoa vidole viwili. Toussaint anadhani ni mawe, na kila mgonjwa wa chumba kile ameshasimuliwa ushujaa wangu. Amefungwa pingu kwenye kitanda kwa mkono uliobaki mzima, maana wameandika kwamba alikuwa amelewa, na watoto wa mama Akimana wanangoja apone wamalizane naye.

Jumatatu ijayo, si hii ya kesho, Toussaint atapelekwa parquet, kwa mwendesha mashtaka, nami nakwenda. Nitabeba pompe na ile visi, nitaeleza yote mbele yake na mbele ya watoto wa marehemu. Hapo hospitali sijamwambia kitu. Nikimwambia tukiwa wawili tu, atanisamehe, nami nitarudi nyumbani nile, nilale. Najijua.

Usiniandikie kabla ya Jumatatu hiyo, tafadhali, hata kama ni neno zuri.

Nisalimie mama. Mbusu mtoto, na ukimpa jina lisiwe langu. Mungu awalinde nyote huko.

Ni mimi mdogo wako,
Léopold