Mtumbwi Ulioanikwa Juani Siku Saba

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako, na kabla ya yote nakusalimu wewe na watu wa nyumbani mwako, mimi huku Mto Tana ni mzima isipokuwa goti moja na hili jambo ninalokuandikia. Kalamu nimeazima dukani Garsen na mwenyewe amesimama hapa ananitazama, kwa hiyo naandika mbiombio, na ukikuta makosa usinicheke, nilisoma chuo cha Kurani na baadaye darasa mbili za skuli, nikaacha si kwa ujinga, mwalimu mwenyewe alisema ningekaa mwaka mmoja zaidi ningemfundisha yeye, lakini mto ulinihitaji.

Jina langu ulifiche. Majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe ili asijulikane mtu.

Mimi ni fundi wa mitumbwi. Uliza kuanzia kijiji cha Wema mpaka Kipini, uliza hata wafugaji wasiopenda maji, watakwambia. Upo mtumbwi wangu nilioutoa nikiwa kijana, na huu mwaka wa 1956 bado unavusha watu, ni mwaka wa ishirini na tatu sasa, umebeba mpunga, umebeba maharusi, umebeba Mzungu mmoja na sanduku lake la chuma zito kama kaburi, na hata siku moja haujaomba kiraka. Mamba wanaujua. Wakiuona wanasogea kando, wengine nimewaona wakifumba macho kwa heshima.

Siku zile, Mshauri, mto ulikuwa mto. Gharika ikishuka inaacha udongo mweusi unaonukia mpaka mtu anataka kuula, wanawake wanaingia kupanda mpunga matope yakiwa bado vuguvugu, na sisi vijana tuko kwenye magogo, na mlio wa tezo unasikika ng'ambo hii na ng'ambo ile, ko, ko, ko, na kwa mlio peke yake unajua hii ni tezo ya fulani na ile ni ya fulani na huyu leo kagombana na mkewe. Aliyenifundisha ni marehemu, tumwite Mzee Kaviha. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akija anaupapasa mti kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa, halafu anasema, "Bado." Anaondoka. Miaka mitatu nilisikia hilo neno moja. Leo ningetoa jino ili nilisikie tena, na meno yenyewe sina mengi.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Dada yangu, tumwite Mwanaarusi, ana mwana wa miaka ishirini na mbili, tumwite Dhadho. Mimi ndiye mjomba wake na baba yake alikwisha kufa, kwa hiyo nimemlea kwa chakula kidogo na hadithi nyingi. Ni mtu mwenye akili, alifika darasa la nne, na gazeti lako likifika dukani yeye ndiye anayewasomea watu kwa sauti, wakubwa kwa wadogo wamemzunguka. Hadithi aliyoipenda tangu mdogo ni ya mtumbwi wangu wa kwanza. Namwambia hivi: nilikata mkuyu peke yangu, nikauchonga siku arobaini, nikauanika juani juu ya mchanga siku saba mbele ya kijiji kizima, ukang'aa kama sahani ya bibi arusi, haukupata hata mkwaruzo. Siku ya kwanza tu nikambeba ndama wa rafiki yangu mfugaji wa Kiorma, tumwite Galma, katikati ya mto viboko watatu wakatuvamia, nikampiga mmoja kwa upondo, wa pili nikamtukana akaona haya, na ndama nikamtia mabegani nikafika naye ng'ambo ya pili hajalowa hata kwato. Nilipoanza kuisimulia kiboko alikuwa mmoja. Wawili wengine wamekuja wenyewe kwa miaka.

Dhadho mwaka jana akaanza kuchonga wake. Wa kwanza tezo ilitokea chini, ukawa na dirisha. Akakata mkuyu mwingine, akafanya kazi tangu mpunga unapandwa mpaka unachanua, na Mshauri, nilipoupapasa ule mtumbwi niliurudia mara ya pili, kwa sababu ulikuwa mzuri kuliko wangu, na hilo sijamwambia mtu. Nikasafiri kwenda Kipini mazishini. Kurudi namkuta ameketi mchangani, jua la saa sita linamchoma, mtumbwi umefunuliwa mbele yake na umepasuka toka kichwani mpaka katikati, ufa unaingia vidole vinne.

Nikamwambia, "Dhadho, mwanangu, nani kauweka hapa?"

"Mimi, mjomba. Kama ulivyofanya wewe. Wako ulikaa siku saba. Wangu umekaa tatu."

Nikainama kuupapasa ufa. Akaendelea, pole pole tu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "Si mti, mjomba. Ni mkono wangu. Wewe ulipata mara ya kwanza, mimi nimeharibu mbili. Kazi hii haikuandikwa kwangu. Nikimaliza kumvunia mama mpunga wake napanda lori naenda kwenye mkonge huko Kilifi, huko nikikata jani hata vibaya, jani ni jani." Tezo niliyompa, ile ya Mzee Kaviha mwenyewe, akanirudishia imefungwa kitambaa. Mwanaarusi hasemi nami. Juzi alinipa uji bila sukari akaniambia, "Kaka, mwanangu anaondoka, na wewe uliyejaa maneno miaka yote leo huna hata moja?"

Ninalo, Mshauri. Nitakuandikia wewe kwa kuwa hatujuani. Ule mtumbwi wa miaka ishirini na tatu si wa kwanza. Ni wa nne. Wa kwanza niliuanika juani kweli, kwa sababu wasichana walikuwa wakipita hapo kuteka maji na mimi nilitaka wauone, na siku ya tatu ulipasuka kwa mlio wa bunduki na wasichana wakakimbia na mitungi yao wakidhani ni bunduki kweli, na kabla hawajarudi nikauficha. Mzee Kaviha alikuwa ameniambia niufukie kwenye matope ya kivulini, nikaona matope hayana mtazamaji. Nikauziba ufa kwa nta na samli na mavi ya ng'ombe, nikamwambia Galma nimvushie ndama, maana ng'ombe wake wakubwa walikuwa wanaogelea na ndama alikuwa mdogo, Galma akihofia mamba watamla. Tulipofika katikati zibo likatoka. Kiboko hakuwepo hata mmoja. Mtumbwi ukajaa, ukalala ubavu, na mimi mwana wa mto nikababaika nikapiga kelele, na ndama akaanza kuogelea, na mimi, Mshauri, nikaushika mkia wake. Ndama ndiye aliyenivusha. Galma alisimama ng'ambo ananisubiri, akanitoa majini kwa shati, akasema kwa Kiswahili chake, "Rafiki, mtumbwi yako inakunywa maji kushinda ng'ombe yangu."

Wa pili ulitoboka chini. Wa tatu ulikaa upande kama mlevi. Ule wa kwanza ulipoelea mpaka kando nilimpa Galma auondoe machoni pa watu, akaukata ule upande usiopasuka, ncha ya ufa ikibaki ukingoni, na hadi leo ng'ombe wake wananywea humo kisimani kwake. Na nikisimulia habari za viboko mbele yake anakohoa tu. Miaka yote hii anakohoa.

Sasa nifanyeje? Nikisema ukweli, kijiji kizima kitanicheka, na heshima yangu ndiyo mali niliyo nayo. Nikinyamaza, mpwa wangu anakwenda kwenye mkonge na mkono ule haupatikani tena kwenye mto huu. Mimi nimefikiri njia moja. Wewe ni msomi na watu wanaamini gazeti. Andika tu kwamba jua la siku hizi limezidi ukali, si kama la zamani, kwamba wataalamu wamelipima, na mitumbwi ya sasa haifai kuanikwa hata ikichongwa na fundi mkubwa namna gani. Dhadho atalisoma mwenyewe, atajua si kosa lake, nami nitabaki nilipo. Nijibu haraka, mpunga umeanza kuwa wa manjano.

Ni mimi,
Mjomba wa Mtoni

JIBU LA MSHAURI

Mjomba wa Mtoni, pole kwa goti. Kwa hayo mengine sikupi pole bado.

Jua ni lile lile. Lilipasua mtumbwi wako na limepasua wa Dhadho, tena siku ile ile ya tatu. Hukuniomba ushauri, umeniomba uongo wa pili uufunike wa kwanza, kama ile nta na samli yako, na wewe unajua zibo lile lilifika wapi. Sitaandika.

Ninakuelewa kuliko unavyodhani. Kila anayesimulia ujana wake anauosha kwanza. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa ajili ya mlio wa tezo na yule mzee wa "Bado", na nilicheka kwa mamba wanaofumba macho. Hadithi zako ni tamu. Lakini moja ya hizo kijana aliichukua kama maelekezo ya kazi. Ulisema siku saba juani, akaanika juani. Hakukosea kuchonga, alikosea kukuamini. Kisha ukamwacha aketi pale mchangani aulaumu mkono wake, na wewe umesimama kando na jawabu mdomoni. Huoni haya? Hata yule kiboko wako wa pili aliona.

Tena nikuulize. Umempa mpwa wako tezo ya Mzee Kaviha, umempa na sifa za mtumbwi wa nne. Ile mitatu umemnyima kwa nini? Matope ya kivulini uliyajua kwa sababu ya ule wa kwanza. Unene wa chini uliujua kwa sababu ya ule uliotoboka. Ufundi wako wote umetoka humo, na ndiyo mali uliyomficha. Yeye yuko kwenye mtumbwi wa pili anadhani amechelewa. Wewe ukiwa kwenye wa pili ulikuwa na mingine miwili mbele yako, na hukwenda kwenye mkonge. Kwa hesabu yako mwenyewe, kijana amekutangulia, kwa sababu umekiri kwamba wake ulikuwa mzuri kuliko wako. Hilo nalo umwambie. Usilipunguze.

Usimwite nyumbani ukaanza kuhutubia, nakujua sasa, utafika kwenye viboko kabla ya kufika kwenye ukweli. Mwambie akusindikize ng'ambo kwa Galma. Mpeleke kisimani, mwonyeshe wanapokunywea ng'ombe, umwambie autie mkono wake pale penye alama za tezo na auguse ukingo uliopasuka. Atajua mwenyewe ni nini, ni fundi. Ndipo useme, na mkia wa ndama usiuruke. Galma awepo. Amekohoa miaka mingi, mpe nafasi aseme.

Mkitoka huko, mrudishie tezo. Tafuteni mkuyu pamoja, lakini usimchongee. Kazi yako ni kupita asubuhi, kupapasa, na kusema lile neno moja. Ukiona limegeuka kuwa maneno mia, rudi nyumbani. Mtumbwi ukimalizika, ufukieni kwenye matope ya kivulini, na wewe uwe wa kwanza kuchafuka. Akitaka bado kwenda Kilifi baada ya hapo, mbebe wewe mpaka kwenye lori, kwa moyo mweupe. Ila aende akijua ukweli.

Watu watacheka, ndiyo. Watacheka wiki mbili. Halafu atakuja mtu mwingine aliyetoboa mtumbwi wake, naye atakuja kwako, kwa sababu atakuwa na uhakika kwamba wewe hutamcheka.

Jambo la mwisho, na hili halingoji. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, na majina ya wengine umeyabadilisha. Lakini ndama hukumbadilisha, wala viboko watatu, wala Mzungu na sanduku lake. Hapo Garsen hakuna mtu asiyeijua hadithi hiyo, na umeniambia mwenyewe nani husoma gazeti dukani kwa sauti. Kwa hiyo barua yako niliizuia nisiichape, nikakutumia kwanza nakala ya jibu hili kwa posta, tena nikangoja wiki tatu nzima. Leo imechapwa. Ikiwa nakala ilikufikia na umekwisha kwenda kwa Galma, vizuri. Ikiwa uliikunja ukaitia mfukoni ukisema utakwenda kesho, basi inuka sasa hivi, goti au bila goti, kwa sababu lori lina gazeti hili na liko njiani.

Dhadho atalifungua mbele ya watu. Atasoma jua, atasoma nta, atafika kwenye mkia. Hapo atanyanyua macho akutafute. Awe amekwisha kuusikia kutoka kinywani mwako, ili akikuona acheke, akunje gazeti, na akuulize mkuyu mnakwenda kuukata lini.

Mshauri