Kigoda Kando ya Lambo la Ngege

Jumatatu, 6 Septemba 1993

Maji kwenye fimbo yangu ya kupimia yameshuka vidole vitatu. Wiki iliyopita viwili. Lambo linakauka na mimi natazama tu. Ngege, wale perege wa asili wa ziwa letu, wamejibana katikati, penye kina, migongo inaonekana. Hata kwa kanga unawazoa.

Ziwani hawapo tena. Nilipokuwa bwana samaki Musoma nilikuwaga nawaona wamejaa soko zima. Akaja sangara, zikaja nyavu za macho madogo, basi. Hawa wa hapa niliwaleta mwenyewe kwa ndoo, kutoka madimbwi ya Mugango nyuma ya mafunjo, nikawaweka kwenye lambo la kwetu. Mwaka jana ofisi ikanipunguza kazini. Imewasahau na ngege wake. Mimi sijawasahau.

Kijiji kimekubali: hakuna kuvua mpaka mvua ijaze. Nilibembeleza mno. Wakivuliwa sasa, hakuna wa kuzaa maji yakirudi. Kwisha.

Alhamisi, 9 Septemba

Mama mkwe kaletwa kutoka Mugango. Miguu imevimba. Gari la pamba limemshusha barabarani, kutoka pale mkokoteni wa ng'ombe. Analala nyumba ndogo ya nyuma.

Sasa maisha ni kuzunguka. Kwenda chooni napitia nyuma ya zizi nisikutane naye. Miaka ishirini na tatu nimemwoa binti yake Nyamisi, na kwa mila yetu sijawahi kumtazama usoni wala kuzungumza naye. Sauti yake naijua. Ni ya kuamrisha.

Jumapili, 12 Septemba

Mama mkwe hali chakula. Nyamisi alimpikia sangara, kasukuma bakuli. Mafuta matupu, kasema. Jana yalikuwa mapanki, mabaki ya kiwandani, kasema mifupa wape mbwa. Hapo sikuweza kubisha. Minofu inapanda ndege, sisi tunafyonza vichwa.

Leo baada ya kanisa Nyamisi kaja na ujumbe. Mama anataka ngege. Mmoja tu, wa mchuzi, kama aliokulaga zamani. Kasikia mkwe wake ndiye mwenye ngege.

Balaa! Mkwe hakataliwi. Na mimi ndiye niliyewakataza watu wote.

Jumanne, 14 Septemba

Usingizi kidogo. Ningeweza kwenda alfajiri na ndoana, nani angejua? Ningejua mimi. Pia Wambura angejua. Huyu mdogo wangu hunusa mchuzi kutoka kilima cha pili.

Nikaenda kwa Mwenyekiti wa kijiji, nikaomba mbele ya kamati. Nilijiona mwungwana sana. Wote wakakubali haraka mno. Mkwe ni mkwe, mzee, kachukue. Haraka ile ilipaswa kunishtua. Haikunishtua.

Wa kwanza kumvua alikuwa jike. Alipofika mkononi akatema vitoto vyake majini. Wanavilea mdomoni. Nikamrudisha. Nikachukua dume.

Mama kala, kalamba mpaka vidole. Kashukuru kupitia kwa Nyamisi. Nilifurahi, nisidanganye.

Jumamosi, 18 Septemba

Wakwe wa kijiji kizima wanaumwa.

Jumatano alianza mmoja. Alhamisi watatu. Leo hata Wambura kaenda kwa Mwenyekiti kumwombea mama mkwe wake, ambaye tulimzika mwaka juzi. Nilimkumbusha. Kasema ana mama mkwe mdogo. Na Mwenyekiti kashindwa kumkatalia yeyote. Atakataaje, na mimi nilipewa?

Wameburuta wavu. Ndoo mbili. Majike na vitoto vyao, wote.

Mjinga ni mimi. Mlango nimeufungua kwa mkono wangu, tena kwa kuomba ruhusa.

Jumapili, 19 Septemba

Sikwenda kanisani. Nimekaa zizini na hasira. Nyamisi kanikuta, nikamfokea bure. Kesho wanarudi na wavu mrefu, Wambura kauazima huko Kisorya. Wanasema samaki watakufa wenyewe kwa ukame, bora waliwe.

Nyamisi akaenda kumweleza mama yake yote. Nilisikia kupitia ukuta. Kisha ile sauti: "Kumbe ndio wa mwisho? Mbona hakuniambia? Mimi nilidhani wanatoka ziwani!"

Ningemwambiaje? Kwa mdomo gani?

Jumatatu, 20 Septemba

Sijui niandike vipi. Bado nacheka, na machozi yapo.

Kabla jua halijatoka mama kadai apelekwe lamboni. Miguu ile! Nyamisi na jirani wakamshika huku na huku. Akawekewa kigoda katikati ya njia ya kushukia majini. Ng'ambo ni mawe na miiba, njia ni ile moja.

Wakaja kina Wambura na wavu begani, wanapiga soga. Wakamwona. Uwiii! Wambura kageuza uso upesi hata kofia ikaanguka, hakuirudia. Ukoo wote ni ndugu zangu, na mkwe wangu ni mkwe wao. Nani atampita akiwa amevua shati? Wavu umerudi nyumbani mkavu.

Mwenyekiti naye alikuja kutazama kuna nini. Katazama kwa mbali, akakumbuka ana kikao Bunda.

Jumatano, 22 Septemba

Yupo tena. Anakaa mpaka ng'ombe warudi. Wanawake wakienda kuchota maji wanamsalimia. Bibi mwingine kaja na kigoda chake. Huyo ni mkwe wa wale wa upande wa juu wa kijiji, wasio ukoo wetu. Sasa hakuna mwanaume wa kushuka.

Hata mimi. Hilo sikuliwaza. Siwezi kwenda kusoma fimbo yangu mwenyewe. Nyamisi ananisomea. Vidole vinne, kasema. Vidole vyake ni vyembamba kuliko vyangu, sasa najua nini?

Jumapili, 3 Oktoba

Hakuna mvua. Nyamisi kanisihi: mama miguu inazidi kuvimba, mwambie apumzike. Nimtume nani? Nilimtuma yeye mwenyewe. Jibu likarudi, ananiita kwa jina la mwanangu: "Mwambie baba Magesa nilimla mmoja, nawalipa waliobaki. Na mwambie asubuhi wanakuja juu kuhema, lakini wapo."

Wapo. Nimelisoma neno hilo hapa mara kadhaa.

Naona aibu kwamba niliiogopa sauti hii miaka yote.

Alhamisi, 28 Oktoba

Mvua ya kwanza juzi mchana. Kubwa. Walimtoa lamboni amelowa, anacheka. Jana asubuhi hakuamka.

Tumemrudisha Mugango leo, kazikwa karibu na maji. Nilisimama karibu na jeneza kuliko nilivyowahi kusimama karibu naye. Ziwa lilikuwa shwari. Mitumbwi yote imepakia sangara.

Nyamisi halii. Namwogopea.

Jumatano, 17 Novemba

Mvua kila siku. Nyamisi jana alilia, mwishowe. Asubuhi akanipikia uji, akasema niende nikaisome fimbo yangu.

Sikuiona. Imezama yote. Maji yamefika kwenye majani. Nilichuchumaa muda mrefu, mpaka nikamwona jike mmoja ukingoni, na vitoto kama wingu dogo mbele yake. Kivuli changu kilipomfikia vyote vikaingia mdomoni.

Kigoda bado kipo njiani. Hakuna aliyekigusa. Wambura alikuja juma lililopita na ndoana, Nyamisi alimwona. Alifika kwenye kigoda, akasimama, akarudi. Leo Wambura mwenyewe kaniuliza kama tunaweza kusubiri kuvua mpaka mwakani. Nikasema tusubiri.

Nilitaka kukibeba nyumbani, nikakiacha. Nilisimama kando yake, nikageuza uso kama inavyopasa, nikamweleza mama habari zote za samaki.