Maana ya "Ameondoka"

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai wewe, wifi na wanangu hamjambo, na goti lako limeacha kukusumbua. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio una maneno.

Kazi yangu hapa wizarani unaijua, maana wewe ndiye uliyenibandika jina la Mshenga: nachukua kumbukumbu za hospitali na kuziozesha kwa kumbukumbu za vizazi na vifo, ili wakubwa waone watu wanaumia wapi, wapeleke msaada huko. Mwaka jana walikuwa wanatafuta wodi ya wazazi ya kupewa daktari wa upasuaji na akiba ya damu. Rejista za vifo zilikuwa bado hazijatufikia. Tulikuwa na za wodini tu, na kwenye zenu za hospitali yako, mbele ya majina ya akina mama wengi, mmeandika "ameondoka". Bosi akauliza maana yake nini. Nikajigamba kwamba mganga mkuu wa pale ni kaka yangu wa tumbo moja, nikakupigia.

Ulicheka, kaka. Ukasema, we Mshenga, mtu akiondoka wodini anakwenda wapi kama si kwake? Nikarudi kikaoni kifua mbele, nikasema hao wote wamekwenda nyumbani salama. Wodi yako ikasifiwa, ukapandishwa cheo, na daktari na damu vikapelekwa hospitali ya ng'ambo ya mto.

Mwezi huu rejista za vifo zimefika. Nimezioanisha na zenu, na wale "walioondoka" nimewakuta wote huko. Nilidhani mashine imeharibika. Nikamgombeza fundi wa kompyuta bure, maskini, hadi akasusa chai. Ndipo nikampigia mkunga wenu mzee. Alishangaa kwamba neno hilo silijui. Akasema kwenu hamwandiki "amekufa", ni kumkosea marehemu heshima. Anayerudi nyumbani huandikwa "ameruhusiwa". Na anayewafundisha hivyo wauguzi wapya ni wewe mwenyewe.

Kumbe! Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Bado nikatafuta kila namna ya kukutetea. Nikasema labda ulikuwa na haraka, labda hukunisikia vizuri. Halafu juzi mdogo wetu wa mwisho kanipigia, na mimba yake ya miezi minane, analalamika kwamba umemkataza kujifungulia kwako, umemwandikisha ng'ambo ya mto. Anadhani unamwonea aibu kwa kuwa hana mume. Nikamwambia aende tu, asibishane nawe.

Nililia, kaka, sikufichi. Wa kwetu ulijua pa kumpeleka, wa wenzako ukawaacha waendelee kuja kwako. Ungesema kweli siku ile, damu ingekuwa wodini kwako leo. Ulitumia mdomo wangu kwa sababu ulijua nakuamini.

Leo asubuhi nimeyasema yote kikaoni, la kwako na la kwangu. Daktari na damu watawaletea haraka, na watakuja na watu wa kukuhoji. Sikukupigia kwanza kwa sababu ungenipa sababu nzuri, nami ningeikubali.

Wasalimie wifi na wanangu, waambie shangazi yao anawapenda. Mama usimwambie lolote, nitamwambia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako.