O Moja ya Dhahabu

2 Mei

Mpwa wangu,

Hujambo? Huku wazima, ila kifua changu kimejaa hadi vifungo vya shati vinalalamika. Serikali inatoa sarafu za dhahabu kumtukuza Mkuu kwenye sherehe ya mwezi huu, na nani kachonga muhuri wa kuzigonga? Mjomba wako! Chuma kile kiliponiona kikalainika kama siagi.

Maneno yanazunguka kichwa cha Mkuu: TUMEKOMBOA NCHI. Sasa masikio ya Mkuu unayajua. Yakala nafasi! Nikaitoa O ya pili. Ya kwanza si ipo? Wakubwa wote wameikagua sarafu na kuipitisha, wanaichekea kama mchumba.

Nimeweka karatasi juu ya sarafu nikasugua kwa penseli, chapa ndiyo hiyo humu. Itundike ukutani!

Mjomba, Mkono wa Dhahabu

9 Mei

Shikamoo mjomba,

Sisi wazima, kwa sasa. Mjomba, umeisoma? Bila ile O imekuwa TUMEKOMBA NCHI! Kama mtu anayekomba sufuria kwa kidole! Mama kacheka hadi kakaa chini, kisha kaanza kulia: "Kaka yangu watamfunga!" Zizuie sarafu hizo kabla ya sherehe, hata kama ni kuivunja mashine. Tafadhali!

Mpwa wako

30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba! Mwambie dada afute machozi, niko kwangu nimekunja nne.

Barua yako ilinikuta sherehe imekwisha. Mkuu aliwagawia mawaziri sarafu zote jukwaani, mtangazaji akasoma kwa kipaza sauti: "Tumekomba nchi!" Uwanja mzima ukaitikia, "Kweliii!" Mie mwenyewe niliitikia, sauti yangu ikawazidi wote.

Kesho yake wakauyeyusha muhuri kuficha aibu, mie nikaburutwa mbele ya kamati ya mawaziri. Mwenyekiti kanitolea macho: "Mzee, utaozea ndani! Waheshimiwa, rudisheni sarafu ziwe ushahidi."

Wapi! Waziri mmoja, eti yake imebebwa na panya. Mwingine, imemponyoka chooni. Wa tatu, mkewe kaifua na suruali, ikayeyuka! Mwenyekiti naye mkono uko mfukoni, hautoki. Nikawaambia, "Waheshimiwa, si mseme tu mmezikomba?"

Bila sarafu, kesi ya nini? Jumatatu narudi kazini.

Ila ile karatasi itoe ukutani, mwanangu. Ndiyo sarafu pekee ambayo serikali haijaikomba.

Mjomba wako

Nyongeza: kuanzia sasa, kabla sijachonga neno, nakuletea wewe ulisome.